Kujizuia, Kuwepo Kila Mahali au Kupigana kwa Mbali: Ulinganisho wa Sera Tatu za Kijeshi za Marekani na Deni la Maveterani

Msomaji wa Kiswahili aliyepata uraia wa Marekani, awe anaishi Minneapolis, Dallas au Boston, hukutana na swali hili kila uchaguzi unapokaribia: ampigie kura mgombea anayetaka majeshi yarudishwe nyumbani, yule anayetaka yaendelee kuwalinda washirika duniani kote, au yule anayeahidi kuwashughulikia maadui kwa ndege zisizo na rubani na vikosi vidogo, pasipo vita vikubwa? Wote watatu hutangaza kwamba wanawathamini maveterani, na hutumia karibu maneno yaleyale. Kwa hiyo inafaa sera zao zipimwe kwa jambo ambalo hotuba za kampeni hulitaja harakaharaka mwishoni, yaani yanayompata askari baada ya kurudi na miaka ambayo taifa linaendelea kumlipia.

Swali hilo linawagusa hata wasio na kura. Waliokuwa Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998 wanajua jinsi ugomvi wa Marekani na maadui zake unavyoweza kuwaangukia watu wasiohusika: mabomu yaliyolipuliwa kwenye balozi mbili siku ile yaliua watu 224, walio wengi wakiwa Wakenya. Wakazi wa Lamu wanaifahamu kambi ya Manda Bay, ambako Al-Shabaab waliwaua Wamarekani watatu tarehe 5 Januari 2020. Na vijana wetu wamo ndani ya jeshi lenyewe, kwa kuwa mwenye ukaaji wa kudumu anaruhusiwa kujiunga. Isitoshe, kwa miaka kadhaa kabla ya kusitishwa mwaka 2016, ulikuwapo mpango maalumu wa kuwaandikisha wageni wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwa mojawapo.

Vigezo vinne

Kigezo cha kwanza ni mamlaka: nani anaruhusu askari waende, na mwananchi atamwajibisha vipi. Katiba ya Marekani imelipa Bunge uwezo wa kutangaza vita, lakini mara ya mwisho Bunge lilipofanya hivyo rasmi ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Korea, Vietnam, Afghanistan na Iraki zote zilipiganwa bila tangazo la namna hiyo.

Kigezo cha pili ni gharama, na hapa inabidi kutua kidogo, kwa sababu ndipo wapiga kura wengi wanapopewa hesabu nusu. Bei ya vita inayotajwa mwanzoni ni ya mafuta, silaha na posho. Bei ya matibabu na fidia huja polepole na kufika juu kabisa wakati wengi wa walioamua kuingia vitani wameshafariki. Malipo kwa maveterani wa Vita vya Kwanza vya Dunia yalifikia kilele mwaka 1969, miaka 51 baada ya vita kwisha. Irene Triplett, binti wa askari aliyepigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilivyomalizika mwaka 1865, alikuwa akipokea dola 73.13 kila mwezi kutoka serikalini kwa sababu ya utumishi wa baba yake, na aliendelea kuzipokea mpaka alipofariki mwaka 2020. Mwaka 2021, mtafiti Linda Bilmes wa Chuo Kikuu cha Harvard alikadiria kwamba kuwatunza maveterani wa vita vilivyofuata mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kutagharimu kati ya dola trilioni 2.2 na trilioni 2.5 kufikia mwaka 2050. Hakuna mfuko uliotengwa kulipia deni hilo. Kila bajeti ya mwaka hubeba sehemu yake.

Kigezo cha tatu ni hali ya anayerudi, pamoja na swali la nani anahesabiwa kuwa amerudi. Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake chungu ya jambo hili: wazee wa King's African Rifles waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia walilipwa kiinua mgongo kilichopangwa kwa rangi ya ngozi, Mzungu akipewa zaidi ya Mwafrika wa cheo kilekile. Sheria ya malipo inaweza kuwapo na bado ikamwacha nje mtu aliyevuja damu sawa na mwenzake.

Kigezo cha nne ni walio nje ya Marekani: washirika wanaotegemea ulinzi wake, raia wanaokaa yanapoanguka makombora, na wale wanaouawa wakati hakuna jeshi lolote lililokubali kwenda.

Sera ya kwanza: kujizuia

Wanaotetea kujizuia wanataka jeshi litumike pale tu Marekani yenyewe au maslahi yake ya msingi yanaposhambuliwa, Bunge lipige kura kabla ya vita, na kambi nyingi za ng'ambo zifungwe. Wazo hili ni la zamani. George Washington alionya mwaka 1796 dhidi ya miungano ya kudumu na mataifa ya nje, na John Quincy Adams, akiwa waziri wa mambo ya nje, alisema tarehe 4 Julai 1821 kwamba Marekani haiendi ng'ambo kutafuta mazimwi ya kuyaangamiza. Leo linawakutanisha wahafidhina wanaochukia matumizi makubwa ya serikali na watu wa mrengo wa kushoto wanaochukia vita, na taasisi ya Quincy iliyoanzishwa Washington mwaka 2019 imebeba jina la Adams. Miongoni mwa waasisi wake ni Andrew Bacevich, kanali mstaafu aliyepigana Vietnam na ambaye mwanawe aliuawa Iraki mwaka 2007.

Kwa kigezo cha mamlaka, sera hii ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Sheria ya mwaka 1973 inamtaka rais alijulishe Bunge ndani ya saa 48 baada ya kuingiza majeshi kwenye mapigano na kuyaondoa ndani ya siku 60 asipopata idhini. Wanaojizuia wanataka sheria hiyo iwe na meno. Mbunge akilazimika kupiga kura kwa jina lake, mzazi wa askari ana mtu wa kumuuliza. Tarehe 14 Septemba 2001, Barbara Lee wa California alikuwa mbunge pekee aliyeipinga idhini ya vita katika Baraza la Wawakilishi, kura 420 kwa moja, na jina lake linaonekana kwenye kumbukumbu mpaka leo sawasawa na majina ya wale 420.

Kwa gharama, sera hii inaziba chemchemi ya madai mapya, lakini haifuti hata senti moja ya madai yaliyokwisha kuingia. Tena kupunguza jeshi kwa haraka kunawaachia mitaa maelfu ya vijana wanaohitaji kazi, shule na nyumba kwa wakati mmoja. Marekani iliwahi kulifanya hilo vizuri kwa sheria ya Juni 1944 iliyowalipia maveterani masomo na kuwadhamini mikopo ya nyumba. Kufikia mwaka 1956 wapatao milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kupata mafunzo kupitia sheria hiyo. Wengi wa maveterani weusi, hata hivyo, walifungiwa milango na benki na vyuo vya majimbo yao.

Kwa hali ya anayerudi, nguvu ya kujizuia ni rahisi kuieleza: asiyepelekwa hajeruhiwi. Vita vya Ghuba vya mwaka 1991 vinatosha kuwa ushahidi kwamba hata vita vifupi vina mkia mrefu. Mapigano ya ardhini yalidumu takriban saa 100, vifo vya Wamarekani vilikuwa vichache, na gwaride la ushindi likafanyika. Lakini kati ya askari karibu 700,000 waliopelekwa, takriban robo walirudi na mchanganyiko wa maumivu, uchovu na kusahau ambao madaktari waliushughulikia kwa miaka mingi kana kwamba ni hofu tu.

Hatari ya sera hii ni kwamba moyo wa kujizuia unaweza kugeuka kuwa ubahili. Mwaka 1932, Marekani ikiwa imejitenga na mizozo ya Ulaya, maelfu ya maveterani wa Vita vya Kwanza walipiga kambi Washington kudai bonasi waliyoahidiwa na sheria ya mwaka 1924, ambayo ilikuwa ilipwe mwaka 1945. Walikuwa hawana kazi na wengine walikuja na wake na watoto. Tarehe 28 Julai jeshi, chini ya Jenerali Douglas MacArthur, liliwafukuza kwa mabomu ya machozi, na vibanda vyao vikateketea. Fedha hizo zilitolewa mwaka 1936, baada ya Bunge kuishinda kura ya turufu ya Rais Roosevelt. Kwa hiyo taifa lisilotaka vita vipya linaweza kabisa kuwatupa waliopigana vya zamani, na mgombea anayehubiri kujizuia asiachwe bila kuulizwa kuhusu bajeti ya hospitali.

Kigezo cha nne ndicho kinachoiumiza sera hii, na ushahidi wake uko karibu na kwetu. Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, askari 18 wa Marekani waliuawa Mogadishu, na miili ikaburutwa mitaani mbele ya kamera. Washington ikaapa kutorudia. Miezi sita baadaye mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda. Tarehe 21 Aprili 1994 Baraza la Usalama, Marekani ikiunga mkono, liliamua kupunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa mpaka watu wapatao 270, na mwezi Mei Rais Clinton akatia saini mwongozo uliozidi kubana masharti ya kushiriki operesheni za amani. Watu wapatao 800,000 waliuawa katika siku zipatazo 100. Clinton alikwenda Kigali Machi 1998 na kukiri kwamba dunia haikutimiza wajibu wake. Anayechagua kujizuia anapaswa kueleza angefanya nini mwezi Aprili ule. Wapo wanaojibu kwamba wangekubali operesheni za amani zilizopigiwa kura na Bunge. Wengine hawana jibu, na ni heri wakiri.

Sera hii inamfaa mpiga kura anayeona kwamba vita vingi vya Marekani tangu 1945 havikuwa vya lazima, anayetaka Bunge libebe dhamana, na aliye tayari kukubali kwamba kuna siku taifa lake litakaa pembeni wakati wengine wanaangamia.

Sera ya pili: kuwepo kila mahali

Sera hii ndiyo Marekani imeifuata kwa sehemu kubwa tangu Vita vya Pili vya Dunia. Watetezi wake husema amani huletwa na jeshi linaloonekana: askari wapatao 28,500 Korea Kusini, zaidi ya 50,000 Japani, makumi ya maelfu Ujerumani, na ahadi ya NATO, yenye wanachama 32 tangu Machi 2024, kwamba shambulizi kwa mmoja ni shambulizi kwa wote.

Kwa mamlaka, maamuzi mengi yalikwisha kufanywa kabla mpiga kura wa leo hajazaliwa. Askari yuko Korea kwa sababu ya vita vilivyosimamishwa mwaka 1953. Hilo lina uzuri wake, kwa kuwa adui anajua ahadi ipo na hahitaji kuijaribu, lakini linamwachia rais uwanja mpana sana, na mwananchi huulizwa rai yake baada ya meli kuondoka bandarini.

Kwa gharama, bajeti ya ulinzi inapita dola bilioni 800 kwa mwaka, na bajeti ya idara ya maveterani sasa inapita bilioni 300. Watetezi hujibu kwamba vita kati ya mataifa makubwa vingegharimu zaidi ya hizo zote, na kwamba havijatokea tangu 1945. Hoja hiyo ina uzito. Udhaifu wake ni kwamba jeshi lililo tayari kila mahali huvuta kutumika, na Iraki mwaka 2003 ndiyo mfano mkubwa: silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu ya kuingia hazikupatikana, na Wamarekani karibu 4,500 wakafa.

Hali ya waliorudi kutoka Iraki na Afghanistan inastahili kutazamwa kwa karibu. Katika kambi ya Balad, kaskazini mwa Baghdad, palikuwa na eneo la kuchomea taka lenye ukubwa wa takriban ekari kumi, ambamo chupa za plastiki, betri, rangi, matairi na taka za hospitali vilimwagiwa mafuta ya ndege na kuwashwa. Moshi mweusi ulipita juu ya mahema walimolala askari. Waliporudi nyumbani na kuanza kubanwa na pumu au kuugua saratani wangali vijana, walitakiwa wathibitishe wao wenyewe kwamba ugonjwa ule ulitokana na moshi ule, na madai mengi yakakataliwa. Sheria iliyobadilisha hali hiyo, inayojulikana kama PACT, ilitiwa saini tarehe 10 Agosti 2022. Sasa kuna orodha ya magonjwa zaidi ya 20 ambayo serikali inayachukulia moja kwa moja kuwa yametokana na utumishi kwa wale waliokuwa maeneo hayo. Waliopigana Vietnam walipitia njia hiyohiyo: sumu ya kuua majani ilinyunyiziwa mpaka mwaka 1971, na sheria ya kuwafidia ikapatikana 1991.

Jeraha lisiloonekana ni zito zaidi. Mradi wa Gharama za Vita wa Chuo Kikuu cha Brown ulikadiria mwaka 2021 kwamba askari na maveterani 30,177 wa vita vya baada ya Septemba 11 walikuwa wamejiua, ilhali waliouawa katika operesheni zenyewe walikuwa 7,057. Ukisoma takwimu hizo mbili pamoja, unaona kwamba vita viliua zaidi nyumbani kuliko uwanjani.

Ni haki kusema upande wa pili pia. Nchi inayopigana mara kwa mara hujenga uwezo mkubwa wa kutibu. Idara ya maveterani ina hospitali zipatazo 170 na zahanati zaidi ya 1,000, na kazi yake ya viungo bandia na tiba ya kiwewe inaheshimiwa duniani. Veterani hupewa kiwango cha ulemavu kwa ngazi za asilimia kumi. Mwaka 2024, mwenye asilimia 100 asiye na wategemezi alipokea zaidi ya dola 3,700 kwa mwezi bila kodi. Lakini uwezo huo nao huzidiwa. Mwaka 2014 ilifichuka kwamba hospitali ya Phoenix ilikuwa na orodha za siri zilizoficha muda ambao wagonjwa walisubiri, na waziri Eric Shinseki, ambaye yeye mwenyewe ni veterani aliyejeruhiwa Vietnam, akajiuzulu.

Kwa walio nje, sera hii ina mema na mabaya yake. Kosovo mwaka 1999, mashambulizi ya anga ya siku 78 yalikomesha kampeni ya kuwafukuza Waalbania, na si Mmarekani hata mmoja aliyeuawa vitani. Iraki, raia waliokufa ni mamia ya maelfu. Kabul, Agosti 2021, zaidi ya watu 120,000 waliondolewa kwa ndege, lakini wakalimani wengi waliosaidia majeshi ya Marekani waliachwa, na hao nao kwa kila maana ni maveterani wa vita vile.

Sera hii inamfaa anayeamini kwamba pengo likiachwa litajazwa na dola katili zaidi, mwenye jamaa katika nchi inayotegemea ulinzi huo, na aliye tayari kulipa kodi ya maveterani kwa miaka hamsini ijayo bila kunung'unika.

Sera ya tatu: kupigana kwa mbali

Hii ni njia ya kati, na huwavutia wengi kwa sababu inaonekana kuwa haina maumivu: ndege zisizo na rubani, makomando wachache, makandarasi, yaani wafanyakazi wa kampuni binafsi, na majeshi ya nchi rafiki yanayopewa mafunzo na silaha.

Kwa mamlaka, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Idhini ya Septemba 2001, iliyowalenga waliopanga mashambulizi ya mwezi ule na waliowahifadhi, imetumika kuhalalisha mashambulizi dhidi ya Al-Shabaab nchini Somalia. Mwaka 2011 serikali ya Obama ilidai kwamba kupiga mabomu Libya hakukuwa mapigano kwa maana ya sheria ya 1973. Na wakati askari wanne wa Marekani walipouawa Tongo Tongo, Niger, Oktoba 2017, baadhi ya maseneta walikiri hadharani kwamba hawakujua kuwa nchi yao ilikuwa na mamia ya askari kule. Ikiwa seneta hajui, mama wa askari atajulia wapi?

Gharama inayoonekana ni ndogo, na hapo ndipo penye mtego. Anayerusha ndege kutoka kambi ya Creech huko Nevada huua asubuhi na jioni akaenda kumchukua mtoto shuleni. Utafiti wa jeshi lenyewe uliotolewa mwaka 2013 ulikuta marubani hao wana matatizo ya akili kwa kiwango kinacholingana na cha marubani wanaoruka vitani. Makomando hupelekwa tena na tena kwa sababu ni wachache. Makandarasi kwa kawaida hawahesabiwi kuwa maveterani. Maelfu ya Waganda waliajiriwa na kampuni binafsi kulinda kambi za Marekani nchini Iraki. Sheria ya bima ya mwaka 1941 iliwapa haki ya matibabu na fidia, lakini wengi waliojeruhiwa walirudi Kampala pasipo kujua kwamba haki hiyo ipo.

Jambo ambalo sera hii hulificha zaidi ya yote ni kwamba deni la maveterani huhamishiwa nchi nyingine. Mapigano ya ardhini nchini Somalia yamefanywa kwa sehemu kubwa na Wasomali wenyewe na kikosi cha Umoja wa Afrika: Waganda waliotangulia mwaka 2007, Warundi, Wakenya, Waethiopia na Wajibuti. Shambulizi la Al-Shabaab kwenye kambi ya Wakenya huko El Adde, Somalia, la tarehe 15 Januari 2016 liliacha wajane na yatima Kenya, na huduma kwa waliopona ni mzigo wa Kenya. Mpiga kura wa Marekani anayeona kwamba vita vya Somalia vimegharimu maisha machache anahesabu upande mmoja wa kaburi.

Hata hivyo, wapo Wasomali na Wakenya wanaosema wazi kwamba bila msaada huo Al-Shabaab wangekuwa wameuteka mji wa Mogadishu. Rais Trump aliwaondoa askari wapatao 700 kutoka Somalia kufikia Januari 2021; Rais Biden akaidhinisha mamia kurudi Mei 2022, maofisa wakieleza kwamba kundi hilo lilikuwa limepata nguvu. Mwaka 2020 kamandi ya jeshi la Marekani inayoshughulikia Afrika ilianza kuchapisha ripoti za madai ya raia kuuawa, hatua njema iliyochelewa sana.

Sera hii inamfaa anayeona tishio la ugaidi ni la kweli lakini hataki Iraki nyingine, kwa sharti kwamba amdai mgombea wake tarehe ya mwisho, kura ya Bunge na bima ya kila anayetumwa, pamoja na askari wa nchi rafiki.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa una mtoto wa miaka 18 anayezungumza na waandikishaji wa jeshi kwa sababu ya uraia na karo ya chuo, kigezo cha mamlaka ndicho kikutangulie. Mpe uzito mgombea anayekubali kupiga kura ya wazi kabla ya vita, awe wa chama chochote, na umwambie mtoto asitie saini kabla ya kuelewa kwamba namna ya kuachishwa utumishi ndiyo huamua haki zake: anayeondolewa kwa sababu za nidhamu anaweza kupoteza matibabu na masomo, hata kama utovu ule ulianza baada ya jeraha la akili alilolipata kazini.

Ikiwa jamaa zako wako Mogadishu, Lamu au Garissa, huenda kujizuia kwa ghafla kukawatisha kuliko vita vya mbali vinavyoendelea. Hapo linganisha ahadi za wagombea kuhusu raia wanaouawa na kuhusu misaada kwa majeshi ya Kenya na Uganda, ukiuliza kama misaada hiyo inajumuisha hospitali na pensheni au risasi pekee.

Ikiwa ulinusurika Rwanda mwaka 1994, au umetoka Kivu, hakuna atakayekulaumu ukiiogopa sera inayokaa pembeni. Mtafute mgombea wa kujizuia aliyetamka waziwazi kwamba kuzuia mauaji ya kimbari ni jambo la kutengwa na kanuni yake. Usipompata, sera ya pili inaweza kuwa karibu zaidi na dhamiri yako.

Ikiwa kinachokukera ni kodi, usidanganywe na bajeti ya ulinzi peke yake. Ijumlishe na ya idara ya maveterani, kisha uulize kila mgombea kama angekubali kwamba kila kura ya vita iambatane na fedha za matibabu ya baadaye. Jibu la swali hilo linawatenganisha wagombea vizuri kuliko hotuba zao.

Na ikiwa wewe mwenyewe ni veterani, au umeolewa na mmoja, kitenge kabisa chama na rekodi. Julai 2022 muswada wa PACT ulikwamishwa katika Seneti, maveterani wakalala kwenye ngazi za jengo la Bunge kupinga, na tarehe 2 Agosti ukapita kwa kura 86 kwa 11. Majina ya waliopiga kura mara zote mbili yako hadharani. Wakati ukisubiri uchaguzi, itunze hati ya kuachishwa utumishi, ile DD 214, na nakala zake, na uwasilishe madai yako kupitia ofisi ya huduma za maveterani ya kaunti unayoishi, ambayo hailipishi. Anayefikiria kujidhuru, au jirani anayemwona mwenzake anaelekea huko, apige 988 kisha abonyeze 1, saa yoyote ya mchana au usiku.